Plasta, Plastiki na Nyuzi

Ukivunjika mkono leo hapa Thika au kule Ruiru, unaweza kufungwa plasta nyeupe ya jasi, bandeji ngumu ya nyuzi za kioo, au banzi la plastiki. Wagonjwa huniuliza ipi ni bora.

Tazama nyumba ya udongo. Udongo mtupu hupasuka. Ukishikwa na fito, husimama miaka. Mnamo 1851 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alifanya jambo kama hilo: alipaka unga wa jasi kwenye kitambaa. Jasi ilileta ugumu, nyuzi zikaizuia isimeguke. Bandeji ya kioo ni vivyo hivyo, ila pahali pa jasi pana gundi ya poliyurethani inayoganda ikiguswa na maji. Ni nyepesi na imara zaidi.

Banzi la plastiki ndilo la ajabu. Likitiwa katika maji ya digrii 65 hivi hulainika kama chapati, likakandwa mkononi, likapoa na kushika umbo hilo. Aina nyingi zikirudishwa katika maji ya moto hujinyoosha zenyewe, kwa kuwa minyororo ya plastiki imefungwa mafundo yanayokumbuka umbo la awali. (Mgonjwa wangu mmoja aliliacha juani kwenye dashibodi ya gari, akaniletea kibao kitupu.) Lakini uzito wa mwili hulipinda. Ukiongeza nyuzi za kioo au kaboni huwa gumu. Zikizidi, halinyumbuki wala kurudi sawasawa. Kwa maoni yangu, plastiki ifae vidole na kiganja, mguu uachiwe bandeji ya kioo au plasta.

Hata hivyo, ugumu huo una hatari. Kiungo kilichovunjika huvimba, na plasta haitanuki. Kijana mmoja wa bodaboda alivumilia usiku kucha, akidhani ni maumivu ya mfupa tu. Asubuhi vidole vilikuwa baridi na vimekufa ganzi. Tulipasua plasta papo hapo na akafanyiwa upasuaji, lakini hadi leo vidole viwili havikunjiki.

Misuli ikikosa damu kwa saa 6 hivi yaweza kufa. Kwa hiyo inua mkono juu ya mto, uchezeshe vidole. Maumivu yakizidi licha ya dawa, vidole vikiuma vinaponyooshwa, au vikipoteza hisia, nenda hospitali usiku huo huo. Hakuna daktari atakayekucheka kwa kuipasua plasta na kuifunga upya.