Mgonjwa wa Kifafa Asimfiche Daktari Dawa za Mitishamba

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Katika masoko ya Jiji la Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria, mizizi, magome na unga wa majani huuzwa hadharani, na wapo wagonjwa wa kifafa wanaovitumia pamoja na vidonge vya hospitali. Serikali inaitambua tiba asili, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ndiyo iliyoanzisha Baraza linaloisimamia. Kutambuliwa huko hakumaanishi kwamba kila dawa ya asili inaweza kunywewa pamoja na kila kidonge.

Fenobabitali, fenitoini na kabamazepini hufanya kazi zikiwa katika kiwango maalumu ndani ya damu. Kikishuka, mgonjwa huanguka tena. Kikizidi, husinzia, hupepesuka na kuona vitu viwiliviwili. Ini ndilo linalozivunja dawa hizo, na ini hilohilo hushughulikia mitishamba. Mmea unaolichochea huiondoa dawa mapema. Unaolizuia huiacha ijilimbikize. Juisi ya balungi, tunda la mezani tu, huongeza kiwango cha kabamazepini mwilini.

Mafuta ya mkaratusi na kafuri, kwa upande wake, yanaweza kuamsha kifafa yenyewe. Familia zenye desturi ya kujifukiza wakati wa mafua zinapaswa kulijua hilo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni mgonjwa kuambiwa aache vidonge ili dawa ya asili ifanye kazi. Fenobabitali ikikatishwa ghafla inaweza kuleta kifafa cha mfululizo, ambacho huua. Kwa mvuvi aliye ndani ya mtumbwi, kuanguka mara moja kunatosha kumzamisha.

Wagonjwa wengine hunyamaza kliniki kwa kuogopa kukaripiwa. Mhudumu wa afya na aulize bila ukali, iwe Bugando, Sekou Toure au zahanati ya kijiji. Mgonjwa naye aje na dawa yenyewe, ataje jina la mmea hata kwa Kisukuma au Kikerewe, kiasi anachokunywa na siku aliyoanza. Mitishamba mingi haijawahi kupimwa pamoja na vidonge hivi, hivyo taarifa hiyo ndiyo humwezesha daktari kuelewa kwa nini kifafa kimerudi.

Anayeanguka alazwe ubavu, asitiwe chochote mdomoni, hata dawa ya asili. Hali ikizidi dakika 5, awahishwe kituo cha afya.