Sweta limekupwaya? Tatizo ni hesabu

Umefuma wiki tatu, unalivaa sweta lako, linapwaya kana kwamba umeazima la kaka yako. Pole! Kabla hujalifumua, chukua rula tuhesabu.

Tuseme maelezo yanataka vitanzi 20 kwa kila sentimita 10. Mbele kuna vitanzi 100, yaani sentimita 50. Mkono wako ni mlegevu kidogo, ukapata 18. Vitanzi vilevile 100 sasa vinakupa karibu sentimita 55.6. Jumlisha na mgongo: mzunguko umezidi sentimita 11! Dawa yake ni sindano nyembamba zaidi, au vitanzi 90 badala ya 100. Ndiyo maana tunafuma kipande cha majaribio, tunakifua, kikikauka ndipo tunapima: sufu ikilowa, vitanzi hujipanga upya.

Na kama uzi umeusokota mwenyewe? Uzi mmoja peke yake hubaki na nguvu ya msokoto inayotaka kujifungua, na inaweza kulipinda sweta upande. Basi unganisha nyuzi mbili, ukizisokota pamoja kwa mwelekeo wa kinyume, ili nguvu hizo zipunguzane. Jaribu hivi: ninginiza uzi uwe kitanzi kirefu. Ukijiviringa, bado haujatulia.

Usijaribu kulipunguza sweta kwa maji ya moto na kusugua. Magamba madogo ya sufu yatashikana, na hapo halifumuki tena. Bora fumua sasa, osha uzi unyooke, uanze upya na hesabu yako mkononi. Uzi haujapotea.