Mwizi Anayeamka Gari Likilala

Je, wajua kwamba gari lililozimwa, likafungwa milango na ufunguo ukatundikwa ukutani, bado linakula umeme? Saa ya dashibodi haiachi kuhesabu, redio inashikilia stesheni ulizozipanga, king'ora nacho kiko macho. Hao ni walaji halali. Katika magari mengi ya miaka ya 1990 wote kwa pamoja huvuta kama miliampia 30, na hata multimita ikisoma 50 fundi hashtuki. Betri nzima ya ampia-saa 45 ingewalisha karibu miezi miwili kabla ya kukauka.

Balaa ni mlaji asiyealikwa. Chukua kibalbu cha buti, wati 5 tu. Swichi yake ikikwama, kinawaka usiku kucha kikivuta ampia 0.4 hivi, na kwa siku moja kimemeza ampia-saa 10. Asubuhi ya tatu au ya nne starta inagonga ta-ta-ta, majirani wanaitwa kusukuma. Utakijuaje, na buti limefungwa? (Weka simu humo ikirekodi video, kisha funga. Simu haidanganyi.)

Wengi wetu hapo hukimbilia dukani. Mimi nilinunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na ya pili ikafa kama ya kwanza, maana mwizi nilikuwa nimemwacha palepale nikimletea chakula kipya. Betri ya risasi na asidi haivumilii njaa: ikikaa tupu, salfeti ya risasi huganda kuwa fuwele ngumu juu ya sahani zake, na hata ukiichaji uwezo wake haurudi wote.

Kumsaka mwizi kunataka subira kuliko vifaa. Multimita huwekwa kwenye ampia 10, waya wake mwekundu ukahamishiwa tundu la ampia, kisha waya wa hasi unafunguliwa kwenye betri na multimita inaingia katikati, ili umeme wote upite ndani yake. Usithubutu kuwasha gari hapo! Starta huvuta ampia mia na zaidi; fyuzi ya multimita itaungua kabla hujapepesa macho. Milango ifungwe, gari liachwe litulie. Ikisoma ampia nusu, mwizi yumo.

Sasa zinachomolewa fyuzi, moja baada ya moja, jicho likiwa kwenye namba. Ile ambayo ukiing'oa namba inaporomoka ndiyo inayokuonyesha mtaa anakoishi, ingawa nyumba yake bado hujaijua: fyuzi moja yaweza kulisha redio, taa ya ndani na saa. Kwenye gari kuukuu anzia kwenye nyaya alizoongeza mtu baada ya kiwandani. Redio iliyofungwa kwa kuunganisha waya popote penye umeme imewatesa wengi.

Kisa kigumu ni pale unapong'oa fyuzi zote kwenye boksi na namba haitikisiki. Wengine hapo hukata tamaa. Lakini waya mnene wa altaneta haupiti kwenye fyuzi hizo ndogo. Unakwenda karibu moja kwa moja hadi kwenye betri. Ndani ya altaneta mna diodi, kwa kawaida 6, zinazonyoosha umeme unaokwenda na kurudi uelekee upande mmoja, na injini ikizimwa huwa ndizo lango la kuuzuia umeme wa betri usirudi nyuma. Diodi ikipasuka, lango liko wazi. Mchana gari linachaji kwa kusuasua, usiku linajinyonya lenyewe.

Mzee wa wayaringi ninayempelekea gari langu, akishaambiwa betri inalala mzima na kuamka maiti, haanzi na multimita. Huomba gari lilale kwake. Alfajiri, injini ikiwa baridi kama jiwe la mtoni, hufungua boneti na kuweka kiganja juu ya altaneta. Akiikuta vuguvugu, anatafuta spana.