Gijón 1982: Siku Fahali Wawili Walipopatana

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Ndivyo tulivyorithishwa na wazee wetu. Lakini wapenzi wa kandanda wanao mwaka mmoja uliowafunza kwamba fahali wakipatana, nyasi huumia vilevile. Mwaka huo ni 1982, Kombe la Dunia lilipochezwa Hispania.

Kwanza tukumbuke Afrika ilikuwa wapi. Mashindano ya mwaka 1966 mataifa yetu yaliyagomea kwa sababu bara zima halikutengewa hata nafasi moja ya hakika. Mwaka 1974 Zaire ilichapwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0, na wenye midomo wakapata la kusema. Tunisia ilitufuta machozi mwaka 1978 ilipoilaza Mexico 3 kwa 1. Basi timu zilipoongezwa kutoka 16 hadi 24 mwaka 1982, Afrika ikapata nafasi mbili, nazo zikachukuliwa na Kameruni na Algeria.

Algeria ilikuwa haijapata kufika huko. Mmoja wa walimu wake alikuwa Rachid Mekhloufi, yule ambaye mwaka 1958 aliiacha klabu yake ya Saint-Étienne na nafasi ya kuichezea Ufaransa katika Kombe la Dunia, akatoroka kwenda kuichezea timu ya wapigania uhuru wa nchi yake. Uhuru ulipatikana Julai 1962, kwa hiyo vijana wake walikwenda Hispania taifa lao likitimiza miaka 20.

Tarehe 16 Juni, katika uwanja wa El Molinón mjini Gijón, walikutana na Ujerumani Magharibi, mabingwa wa Ulaya. Wajerumani waliingia uwanjani kwa dharau, na mdharau mwiba humchoma. Rabah Madjer alitia bao dakika ya 54. Karl-Heinz Rummenigge akasawazisha dakika ya 67. Kabla Wajerumani hawajamaliza kupongezana, Lakhdar Belloumi akautia tena mpira wavuni. Mabao 2 kwa 1! Hapo ndipo timu ya Afrika ilipoishinda ya Ulaya katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza.

Baadaye Algeria ilifungwa na Austria 2 kwa 0. Mwezi wa Ramadhani ukaandama juma hilohilo mechi za mwisho zilipokuwa zikingojewa. Tarehe 24 Juni Algeria iliicharaza Chile 3 kwa 2. Sasa ilikuwa na pointi 4, nayo Austria 4, na Ujerumani 2. Ilibaki mechi moja tu, Ujerumani na Austria, kesho yake.

Na hapo, msomaji, ndipo penye kisa. Kwa kuwa Algeria ilikwisha cheza, jirani hao wawili waliingia uwanjani hesabu zote wakiwa nazo mkononi. Mechi ikiisha sare, au Austria ikishinda, Ujerumani ilikuwa nje. Ujerumani ikishinda kwa mabao matatu au zaidi, Austria ilikuwa nje. Lakini ikishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wangepita, na Algeria ingefunga mizigo.

Dakika ya 10 tu, Horst Hrubesch akaifungia Ujerumani. Tangu hapo mchezo ukalala. Mpira ukawa unarudishwa nyuma, unapelekwa pembeni, unarudi kwa mlinda lango, kama watu wanaopitisha wakati wakingoja adhana ya magharibi. Wahispania wakazomea na kupunga leso. Mashabiki wa Algeria wakapunga noti, kuonyesha kwamba wameona biashara. Mtangazaji wa Austria aliwashauri watazamaji wazime televisheni zao. Matokeo yakabaki bao 1 kwa 0.

Algeria ilipeleka mashtaka kwa FIFA, yakatupwa. Na waama, ni kanuni ipi ingetumika? Hakuna kifungu kinachomkataza mchezaji kurudisha mpira nyuma. Wako wasemao pia kwamba Algeria ilijiponza yenyewe, kwa kuwa ilikuwa ikiongoza Chile 3 kwa 0 ikaruhusu mabao mawili. Ni kweli, ingeyazuia, lile bao la Hrubesch lisingeiokoa Austria. Lakini mwenye nyumba kuacha dirisha wazi hakumhalalishii mwizi kuingia.

Kameruni nayo iliondoka bila ya kufungwa hata mechi moja, baada ya sare tatu, mojawapo na Italia. Italia hiyohiyo ndiyo iliyolitwaa Kombe tarehe 11 Julai mjini Madrid, kwa kuwafunga Wajerumani 3 kwa 1. Naye Madjer alilipa deni lake mwaka 1987, alipoifungia Porto ya Ureno bao la kisigino dhidi ya Bayern Munich katika fainali ya Kombe la Ulaya. Fainali hiyo ilichezwa Vienna, mji mkuu wa Austria!

Malipo makubwa zaidi, hata hivyo, yako katika ratiba. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi mbili za mwisho za kila kundi huanza saa moja, ili asiwepo wa kuingia na hesabu ya mwenziwe mfukoni. Na kwa ajili ya mashindano ya 2026 FIFA ilikuwa imekusudia makundi ya timu tatu tatu, ambamo timu moja ingekaa kando ikiwatazama wenzake wakimaliza. Machi 2023, katika kikao kilichofanyika Kigali, shauri hilo liliachwa na timu zikarudishwa nne nne. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kuepusha njama.

Miaka 41 ilikuwa imepita. Wale vijana wa Algeria hawakurudishiwa nafasi yao, wala hawatarudishiwa. Lakini mlango waliotolewa kwao umefungwa, na wanaofaidi ni wengine wanyonge watakaokuja. Dhulma iliyofanywa mchana kweupe, bila ya kuvunja sheria hata moja, ndiyo iliyoifanya sheria ibadilike.