Ndizi Haziingii Chomboni

Mwaka juzi nilimtumia kaka yangu video fupi. Jirani yangu mzee ameshika samaki wa rangi ya shaba mwenye macho mekundu, anamgeuza kidogo juani, anatabasamu, kisha anainama na kumwachia majini. Kaka yangu ni mvuvi wa mshipi Tanga. Jibu lake likaja kwa sauti: "Dada, mmekwenda saa tatu kwa gari, mmechoma petroli barabarani, mkachoma nyingine kwenye mashine, halafu kitoweo mmekirudisha? Hao watu hawana wakubwa wa kuwasema?"

Nimekaa Ontario miaka kumi na minane, na maneno ya namna hiyo nimeyasikia hata kwa Waswahili wenzangu wa hapa. Wazungu hawana mila, wana burudani tu. Ukiwauliza wanaosema hivyo mila ni nini, watakutajia ngoma, harusi na matanga. Safari ya kuvua besi kwao ni sawa na kwenda sinema. Nilinyamaza siku ile kwa sababu jibu lilikuwa refu kuliko ujumbe wa simu.

Besi ninayemsema ni yule wa mdomo mdogo, samaki wa maji baridi, mwenyeji wa maziwa na mito ya huku. Na kama ni kusomwa vibaya na wageni, yeye alitangulia. Mwaka 1802 Mfaransa Lacepède alimpa jina la kisayansi lenye maana ya "pezi dogo", kwa kuwa samaki aliyeletewa alikuwa na pezi la mgongoni lililoharibika. Besi mzima hana pezi dogo. Jina likabaki hivyo hadi leo.

Tunakokwenda ni Georgian Bay, ghuba ya Ziwa Huron upande wa Kanada. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 15,000 hivi, na msafiri Mfaransa Champlain alipofika mwaka 1615 aliiita bahari ya maji matamu. Hakukosea sana. Ukisimama kwenye visiwa vya Bustard, nje ya mdomo wa French River, ukatazama magharibi, huoni ng'ambo. Pwani ya mashariki imetawanyika visiwa ambavyo watu huvihesabu 30,000, vingi vikiwa jiwe tupu la waridi lenye misonobari iliyopinda yote upande mmoja kwa upepo. Chini ya maji mawe ni mengi zaidi, na hapo ndipo besi anapokaa, na hapo ndipo mashine za watu zinapovunjikia mapanga.

Nilimwita jirani yangu Mzee. Mwanzo alidhani ni jina la utani, na nilipomweleza kwamba ni heshima akalipenda hata akaliandika kwenye kikombe chake. Yeye aliniita kwa jina langu tu, maana ndiyo heshima yao, mtu kuitwa jina lake. Miaka kumi na mmoja mfululizo mimi na mume wangu tulialikwa kwenye kile alichokiita usiku wa ramani.

Usiku huo ulikuwa Februari, theluji imefika magotini. Meza ya jikoni hupanguswa mara mbili. Ramani ya majini namba 2204, ile ya kutoka Byng Inlet hadi Killarney, hutandazwa, na kwa kuwa imekaa mwaka mzima imekunjwa, pembe zake hukandamizwa kwa vitu vilevile kila mwaka: birika la chai, kopo la tumbaku lililojaa chubwi, kitabu cha ndege, na ngumi ya mjukuu. Vyakula huja baadaye. Hakuna anayekaa mpaka Mzee amefungua daftari.

Daftari lilianzishwa na mama yake. Kila safari ina mistari yake, mikavu kama hesabu za duka: tarehe, joto la maji, upepo, jina la jiwe, idadi. "Julai 9. Maji nyuzi 19. Magharibi, tumekimbia. Jiwe la Jino, wanne." Majina ya mawe hayamo kwenye ramani ya serikali. Jiwe la Jino ni pale mjomba alipoanguka. Jiwe la Shangazi ni lile ambalo shangazi peke yake ndiye hupata kitu juu yake, na hakuna aliyewahi kujua kwa nini. Mjukuu husoma kwa sauti, wakubwa hukatiza, kila mstari hufufua hadithi, na hadithi zenyewe haziruhusiwi kusimuliwa zikiwa pungufu. Ukisahau kusema kwamba mjomba aliendelea kuvua huku mdomo ukivuja damu, utasahihishwa na watu wanne.

Baada ya kusoma ndipo mipango huanza, na mipango ya watu hawa ina adabu yake. Kila siku ya safari hupewa mahali patatu: mahali pa kweli, mahali pa upepo, na mahali pa aibu. Mahali pa kweli ni mwamba wa nje, peupe. Mahali pa upepo ni nyuma ya visiwa, maana upepo wa magharibi ukishika, ghuba hii huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, na maji yake ni ya baridi hata mwezi wa saba. Mahali pa aibu ni kona ya mto yenye majani, ambako utavua na watoto na kurudi bila la kusimulia. Niliona watu wazima wakibishana nusu saa kuhusu mahali pa aibu pa siku ya nne, miezi mitano kabla ya siku yenyewe, nikawakumbuka wazee wa kwetu wanaokaa barazani kukadiria kusi litaanza lini.

Halafu Mzee alifanya hesabu. Namba za kina kwenye ramani hazitoshi zenyewe, kwa sababu ziwa hupanda na kushuka kwa miaka. Januari 2013 Huron lilishuka kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze. Mwaka 2019 na 2020 likajaa hadi magati yakazama. Jiwe ulilolipita salama mwaka ule, mwaka huu linakungoja. Kwa hiyo alijumlisha na kutoa kwa sauti, jiwe kwa jiwe, na kila kilichobadilika akakiandika kwa penseli. Kalamu ya wino haikuruhusiwa kugusa ramani.

Tarehe ya safari nayo si ya kubuni. Msimu wa besi hufunguliwa mwishoni mwa Juni, na sababu yake kaka yangu angeipenda kama angenipa nafasi. Maji yakifika nyuzi 15 hivi, dume huchimba kiota cha duara kwenye changarawe, jike hutaga na kwenda zake, na dume hubaki. Hupepea mayai kwa mapezi, hufukuza kila kinachosogea, na hukaa na vifaranga mpaka wajimudu. Mwondoe dakika chache tu, samaki wengine huvamia, hasa gobi, kisamaki kilicholetwa na meli kutoka upande wa Bahari Nyeusi na kuonekana huku mara ya kwanza mwaka 1990. Mzee hakuenda siku ya ufunguzi hata mara moja. Aliongeza wiki mbili, kwa kuwa maji ya nje huchelewa kupata joto. Na hata hivyo tukiona duara jeupe chini, kama sahani iliyosahauliwa, mashine huzimwa na chombo kinageuzwa kwa kasia. Hakuna anayesema neno.

Kuhusu vifaa sitapoteza wino: ufito, mshipi mwembamba, na vipande vya plastiki vilivyotengenezwa vifanane na kamba wa maji baridi. Wanaume wanaweza kuyazungumza hayo hadi alfajiri. Mashindano ya pesa nayo yapo, hayanihusu.

Ila ndizi lazima nizieleze. Safari yetu ya kwanza nilibeba kichane kizima, maana mtu wa Tanga atasafirije bila ndizi? Mzee alikiona gatini, akasimama. Akanieleza taratibu, kama mtu anayempa mtoto habari ya msiba, kwamba ndizi haziingii chomboni. Zinaleta nuksi. Wavuvi wa Marekani na Kanada wengi wanashika mwiko huo, na kila mmoja ana maelezo yake tofauti ya chanzo. Nilicheka, nikaona mwenzangu hacheki. Kichane kikabaki kwenye gari, juani, siku nne, na harufu yake tulirudi nayo. Niliposimulia nyumbani, kaka alisema ni ujinga. Huyu ni mtu ambaye hatashua ngalawa mpya kabla haijasomewa dua na ubwabwa wa sadaka haujaliwa, na ambaye ukipiga mluzi usiku nyumbani kwake atakutoa nje.

Siri nayo ni sehemu ya heshima. Ukirudi gatini mgeni akauliza, "Mmemvua wapi?", jibu ni, "Mdomoni." Anayejibu zaidi ya hapo hataalikwa tena usiku wa ramani.

Na hawarudishi wote. Kaka hajui hili. Safari moja ina mlo mmoja wa jiweni, adhuhuri, na samaki wake huhesabiwa: wadogo wa kutosha watu waliopo, basi. Moto huwashwa juu ya jiwe tupu, kikaango cha chuma, viazi, vitunguu, maharage ya kopo yanayochemka humohumo koponi. Ustadi huu wa mlo wa jiweni ulikuzwa na waongoza wageni wa zamani wa mto ule, wengi wao Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa huku, ambao mababu zao waliweka haki yao ya kuvua katika mkataba wa 1850 na ambao kwao samaki ni chakula kwanza, kama kwetu. Kwa jadi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mwaka wetu wa kwanza Mzee alitoa mfukoni chupa ndogo ya mafuta ya alizeti, na kikaango kilikuwa kipya, bado kina karatasi ya bei. Hakusema kitu. Mimi na mume wangu hatukuwa tumesema kitu pia. Miaka yote iliyofuata kikaango kilikuwa kilekile, kikizidi kuwa cheusi.

Wakubwa ndio wanaorudishwa. Besi wa nusu mita katika maji haya ya kaskazini anaweza kuwa na zaidi ya miaka kumi. Hushikwa kwa mkono uliolowa, asivuliwe ute wake, hutazamwa, huachwa. Nakiri mkono wangu haujazoea. Nimezaliwa kwenye nyumba ambamo samaki mkubwa alikuwa ada ya shule, na kila ninapomwachia kuna kitu tumboni kinauliza swali la kaka yangu. Lakini kaka huyohuyo ndiye aliyenisimulia jinsi baruti zilivyobomoa matumbawe ya Tanga, na jinsi anavyokwenda mbali sasa kutafuta changu ambao baba aliwapata akiona mnazi wa nyumbani. Wakubwa wa kusema walikuwapo kwetu. Walisema.

Na sasa huku pia wanaosemwa hawasikii. Siku hizi chombo kina kioo kinachomwonyesha samaki mbele yako akiogelea, unatupa ndoana ukitazama kioo kama mchezo wa simu. Jiwe la Shangazi limekuwa nukta. Mzee alikubali kupanda chombo cha namna hiyo mara moja. Aligeuza uso muda wote akitazama misonobari.

Alifariki Novemba iliyopita. Daftari lilikwenda kwa mjukuu, ambaye ni kijana mzuri na simlaumu. Februari alitutumia kiungo kwenye simu: nukta arobaini na moja, za rangi tatu, kila moja na kina chake. Tarehe ya safari ilikuwa juu yake. Usiku wa ramani haukuitishwa.

Ramani, mjane wa Mzee alinipa mimi. Niliitandaza mezani kwangu, birika pembe moja, pembe nyingine vikombe. Ilikuwa saa tatu usiku, na Tanga saa kumi na moja alfajiri, kaka akiwa ufukweni anangoja maji. Nikampigia kwa video ili tu nione uso wa mtu, nikageuza simu aone.

"Hizi namba ndogo ni kina?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na hapa panaposhuka ghafla?"

"Hapo ndipo Jiwe la Jino."

Alikaa kimya. Nyuma yake nilisikia watu wakikokota chombo. "Upepo wa mwezi wa saba unatoka wapi?"

"Magharibi."

"Basi msiende kutupa nanga juu ya jiwe. Tupeni huku, joshini, mlegeze kamba kidogokidogo mpaka chombo kikae juu yake chenyewe. Samaki asisikie kishindo." Akasita. "Halafu huyo mtamrudisha?"

"Akiwa mkubwa, tutamrudisha."

"Haya. Sogeza simu, nione upande wa kusini."

Nikaondoa birika nipate kufikia penseli, na pembe ya ramani ikajikunja.