Mjomba, Upo?

Njooni hapa, wanangu. Vuteni mkeka. Chai imeshachemka na mihogo iko kwenye sinia.

Leo asubuhi mpwa wangu mdogo aliniuliza swali. Alikuwa anachota maji pale pipani, na kata ikabaki inadondosha maji mkononi mwake. "Mjomba, siku tuliyomzika bibi, mchungaji alisoma habari za bonde la uvuli wa mauti. Hilo bonde liko wapi? Na uvuli una ubaya gani? Si kila siku tunacheza uvulini, chini ya mwembe?"

Swali zuri hilo! Watu wazima wengi wanaijua zaburi hiyo, Zaburi ya 23, kwa moyo, mistari yote 6, na hawajawahi kuuliza. Wewe umeuliza ukiwa na kata mkononi. Hongera, mwanangu. Nimelibeba swali lako kutwa nzima.

Tuanze na mwembe. Uvuli wa mwembe ni raha. Jua linachoma, unakimbilia pale, unapoa. Lakini sasa chukua kile chungu cha bibi, kile kirefu cha kupikia makande. Jifanye sisimizi. Shuka mpaka chini kabisa. Haya, tazama juu. Unaona nini?

"Naona mbingu, mjomba. Lakini imekuwa kaduara kadogo."

Na pembeni?

"Kuta. Kuta pande zote."

Na mtu akifunika chungu?

"Giza totoro!"

Umeshajibu nusu ya swali lako mwenyewe. Zaburi ile iliandikwa kwa Kiebrania, na neno lenyewe ni tsalmavet. Mnajua mwanakondoo? Ukilipasua neno hilo katikati unapata mwana, unapata kondoo. Basi tsalmavet nalo hupasuliwa hivyo hivyo. Unapata tsel, yaani kivuli. Unapata mavet. Semeni mavet. Sasa semeni mauti. Mmesikia? Yanafanana kama ndugu, na kweli ni ndugu. Mauti yetu tuliyapokea kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja.

Wataalamu wengi wanaona kwamba neno zima lilikuwa na maana ya giza nene tu, giza la chungu kilichofunikwa. Ndiyo maana Biblia nyingine za Kiswahili husema giza kuu. Ile ya mwaka 1952, aliyokuwa akiisoma bibi mpaka jalada likaachia, inasema uvuli wa mauti. Mimi nayashika yote mawili. Maana wako watu walio katika bonde hilo na hawafi leo wala kesho. Mama aliyeuguliwa na mtoto yumo. Baba aliyefukuzwa kazi, anayerudi nyumbani mikono mitupu, yumo. Mtoto anayelala akiwasikia wazazi wake wanagombana ng'ambo ya ukuta, naye yumo. Kila anayetia mguu mbele bila kuona anaukanyagisha wapi, yumo.

"Lakini liko wapi, mjomba?"

Sijasahau! Zaburi yenyewe haitaji jina la bonde. Lakini tangu zamani imehesabiwa kuwa ya Daudi, na Daudi alichunga kondoo wa baba yake huko Bethlehemu. Nchi ile ina makorongo mengi. Liko moja ambalo wengi hulionyesha kwa kidole wakisema, tazameni, bonde lenyewe lilikuwa kama hili. Waarabu wanaliita Wadi Qelt. Msidhani ni wadi ya hospitali. Kwa Kiarabu wadi ni bonde la mto. Linashuka kutoka milima ya Yerusalemu kuelekea Yeriko. Yerusalemu iko juu, mita 750 hivi kutoka usawa wa bahari. Yeriko iko chini, chini hata ya bahari yenyewe, mita 250 hivi. Mteremko wa mita 1,000, na mwendo hauzidi kilomita 30! Kuta za mawe zimesimama huku na huku, na iko monasteri ya kale iliyong'ang'ania ukutani kama kiota cha mbayuwayu. Jua likiinama kidogo tu, chini kunaingia kiza. Na mvua ikinyesha kule milimani, maji hushuka kwa ghafla na kufagia kila kitu, hata kama juu ya kichwa chako hakuna wingu.

"Kama ni pabaya hivyo, huyo mchungaji wa kwenye zaburi anawapitisha kondoo huko kwa nini?"

Mnamsikia? Mnasikia swali hilo? Mwanangu, hapo umefika penyewe. Majira ya baridi, milima ile huwa na baridi ya kweli, mwaka mwingine hata theluji huanguka. Kule chini Yeriko kuna joto na chemchemi. Wachungaji wa zamani wa nchi ile walishuka na mifugo kutafuta malisho ya mabondeni, na njia ya kushukia ilikuwa hiyo ya makorongo. Kondoo akiwa mle hajapotea. Yumo njiani.

Sasa, hadithi, hadithi!

"Hadithi njoo!"

Alikuwapo mwanakondoo mmoja, msemaji kweli kweli. Kule juu mlimani, mchana kweupe, alikuwa anawasimulia wenzake. "Yule mchungaji wetu! Yule anajua penye nyasi. Yule anajua penye maji. Yule hapotezi njia." Yule, yule, yule. Mama yake alimsikiliza, akatafuna, akanyamaza.

Siku ya kushuka ikafika. Wakaingia korongoni. Njia ikawa nyembamba kama mshipi. Jua likaondoka ukutani. Jiwe likaporomoka, likalia ko, ko, ko, mpaka chini. Fisi akacheka. Mwanakondoo akageuka kulia, hakumwona mama. Akageuka kushoto, hakuona kitu.

Je, alisema tena yule? Hakusema. Alilia:

"Wewe! Upo?"

Na sauti ikatoka gizani, karibu sana.

"Nipo."

Hatua kumi mbele, hofu ikarudi. "Upo?"

"Nipo."

Kisha akahisi kitu mgongoni. Kigumu, chepesi, kimemgusa na kuondoka. Akashtuka! "Mama, nini hiki?"

"Ni gongo lake," mama akasema kutoka nyuma. "Ana vitu viwili mkononi. Fimbo ndefu ya kutuongozea, na gongo fupi lenye kichwa kizito. Hilo gongo linavunja taya la fisi. Lakini usiku hutugusa nalo mgongoni mmoja mmoja, anatuhesabu. Hapo amekuhesabu wewe."

Mwanakondoo akatulia. Giza lilikuwa lile lile.

Basi sasa nileteeni ile Biblia ya bibi. Polepole, jalada hilo. Tazameni mstari wa 1, wa 2, wa 3. Daudi anafanya nini? Anasimulia. Anasema habari za mchungaji wake kama mtu anayemsimulia jirani uani. Yule ananifanyia hivi, yule ananifanyia vile. Haya, mstari wa 4. Anaingia bondeni. Anasemaje?

"Anasema... Wewe!"

Wewe! Neno limebadilika pale pale gizani. Hamsimulii tena, anamsemesha. Na mkiisoma zaburi yote kutoka juu mpaka chini, hamtakuta mahali palipoandikwa kwamba bonde lilitiwa taa, au kwamba fisi walikimbia. Mwenzake yupo karibu, basi. Kwa hilo tu anasema haogopi.

Nimeisoma zaburi hii miaka mingi bila kuliona neno hilo. Nililiona wadini, hospitalini, usiku, nimekaa kwenye kibao kando ya kitanda cha bibi yenu. Mnamjua bibi. Maisha yake yote alikuwa msimulizi wa Mungu; muuza samaki alisimuliwa, fundi baiskeli alisimuliwa, hata kuku nadhani walisikia. Lakini usiku ule maneno yalikuwa yamemwishia. Midomo ilikuwa mikavu, nikawa naipaka maji kwa pamba. Akawa anasema moja tu, kwa sauti ya chini. "Wewe. Wewe." Nilidhani ananiita mimi. Nikajibu, "Nipo, mama." Akatabasamu, lakini macho hayakuwa kwangu.

"Mjomba, bonde linaisha?"

Mstari wa 4 unasema anapita. Haujasema anajenga nyumba mle. Na mstari wa 5, soma mwenyewe, tayari kuna meza imeandaliwa, na kikombe kimejaa mpaka kinamwagika. Lakini siwezi kukwambia bonde lina hatua ngapi, mwanangu. Langu sijamaliza kulihesabu.

Mnaona amenyamaza? Huyu akinyamaza hivi, swali jingine linakuja.

"Mjomba."

Naam.

"Bibi alikuwa mama yako."

Alikuwa mama yangu.

"Kwa hiyo na wewe upo huko bondeni?"

Nipo, mwanangu.

"Basi sogea. Na mimi nipo."