Kompyuta ya gemu: Usisajili straika wakati inayovuja ni namba sita

KILA dirisha la usajili likifunguliwa, mashabiki tunawasema viongozi. Timu inafungwa mabao ya kizembe kila wiki, katikati hakuna mtu wa kukaba, lakini wao wanakwenda uwanja wa ndege kumpokea straika. Mapokezi yanakuwa makubwa, jezi zinauzwa, ligi inaanza na mabao yanaendelea kuingia vilevile.

Sasa mchukue shabiki huyohuyo, mpe laki mbili tatu za kuboresha kompyuta yake ya gemu. Anafanya usajili uleule! Anakwenda mbio Kariakoo kuulizia kadi kubwa ya grafiki, anaifunga kwenye mashine yenye RAM ya 4GB na hadi diski iliyochoka. Gemu inakwama kama jana. Na kwa vijana wengi hiyo siyo hela ya kuchezea, ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Ikishatoka hairudi.

Ukiwa na mfuko mdogo, kinachokuokoa ni mpangilio, yaani nini kinanunuliwa kwanza na nini kinasubiri. Tuchukue mfano wa mashine ambazo wengi wanazo, zile za ofisini zilizokuja kama mtumba: Dell OptiPlex 7040 au HP EliteDesk 800 G2. Ndani ina prosesa ya Core i5-6500, RAM 4GB au 8GB, hadi diski ya 500GB, na kadi ya grafiki haina.

UNACHEZA NINI?

Hili ndilo swali la kwanza, maana gemu za mpira hazili sehemu moja ya kompyuta.

Kama wewe ni mtu wa FIFA, ambayo baada ya FIFA 23 ilibadilishwa jina na kuwa EA Sports FC, ujue inataka kadi. FC 24 kwenye kompyuta ilitaja kiwango cha chini: prosesa ya Core i5-6600K au Ryzen 5 1600, RAM 8GB, kadi ya GTX 1050 Ti au RX 570 yenye 4GB, na nafasi ya 100GB. Hicho ni kiwango cha kuingia uwanjani tu. Ili icheze vizuri walishauri Core i7-6700, RAM 12GB na kadi ya GTX 1660.

Kama wewe ni kocha wa Football Manager, hesabu inageuka. FM 2024 ilitaka RAM 4GB na nafasi ya 7GB tu, na grafiki iliyomo ndani ya prosesa inatosha. Kinachoumia pale ni prosesa, kwa sababu inapiga hesabu za mechi za ligi zote ulizowasha. Ukiwasha ligi 20, kila siku ya kalenda inatembea kama konokono. Dawa yake ya kwanza haina gharama: punguza ligi. Ila usiipimie FM26 kwa kipimo hicho. Imejengwa upya kwa mfumo wa Unity, kwa hiyo soma mahitaji yake yenyewe.

Kwa hiyo mtu wa FM anayenunua kadi kubwa ya grafiki amesajili winga kwa ajili ya timu isiyotumia mawinga.

PIMA KABLA HUJATOA HELA

Benchi la ufundi lenye akili linaangalia mechi kwanza, ndipo linaandika ripoti ya usajili. Na wewe fanya hivyo. Washa gemu, cheza dakika kumi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda kwenye Performance uangalie nani amechoka.

RAM ikiwa imejaa na diski iko asilimia 100, tatizo ni RAM. Ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na hadi diski haina mbio hizo. Ndiyo maana picha inaganda ghafla wakati umebaki na kipa. Prosesa ikiwa juu na kadi inapumua, tatizo ni prosesa. Kadi ikiwa asilimia 100 na wengine wamekaa, hapo ndipo una haki ya kuongelea kadi.

Halafu kuna matibabu ya bure au ya hela ndogo. Fungua kava, toa vumbi, badilisha ile pesti ya kupooza prosesa kama imekauka. Prosesa ikipata joto kali inajipunguzia mbio yenyewe ili isiungue, na wewe unadhani imezeeka. Ndani ya gemu shusha ubora wa picha kutoka 1080 hadi 720, zima vivuli na mbwembwe za mashabiki jukwaani. Mpira utachezeka.

USAJILI WA KWANZA: RAM

Fika 8GB, na kama mfuko unaruhusu fika 16GB. Siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi ni kwamba RAM mbili za 4GB zinakimbia kuliko moja ya 8GB, kwa sababu prosesa inazisoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki faida hiyo ni kubwa zaidi, maana grafiki ya ndani inaazima RAM hiyohiyo.

Soma aina kabla ya kununua. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, hata ukiisukuma vipi. Toa iliyopo, nenda nayo dukani.

USAJILI WA PILI: SSD

Hadi diski nzuri inasoma kama 150MB kwa sekunde, SSD ya SATA inafika 500MB. Tusidanganyane, SSD haitakuongezea fremu ndani ya mechi. Inachofanya ni kuiwasha kompyuta haraka na kufupisha ule muda wa kusubiri mechi ifunguke. Kwa kuwa FC inakula 100GB, SSD ya 240GB inabeba Windows na gemu hiyo. Hadi diski ya zamani ibakie kwa video na picha.

USAJILI WA TATU: KADI, NA HAPA NDIPO WATU WANALIA

Pawasaplai ya mashine za ofisini ni ndogo, na nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Nafasi ya kadi kwenye madabodi inatoa hadi wati 75 tu. Ndiyo maana GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinapendwa: zimeundwa kula wati 75. Lakini angalia ukingo wa kadi, kwani baadhi ya matoleo yake yana tundu la waya. RX 570 inakula karibu mara mbili ya hapo na lazima ipate waya wake. Usikubali fundi akuunganishie kwa waya wa diski, huko ndiko moshi unakotokea.

Kitu kingine ni kimo. Kama kompyuta yako ni ile nyembamba ya kulala, inataka kadi fupi. Kadi ndefu haitaingia hata ukate kava.

Halafu kuna feki. Kuna kadi za zamani za Nvidia zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inaamini, na boksi linapendeza. Ni mchezaji wa miaka 34 mwenye cheti cha miaka 21! Dawa yake ni programu ya bure inaitwa GPU-Z. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani. Kadi nyingi za aina hiyo inazigundua na kuziandika wazi kuwa ni feki. Na kwa RX 570, kumbuka nyingi zilichimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana hadi Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 2022. Si zote zimekufa, ila dai icheze gemu nusu saa mbele yako kabla hela haijatoka mfukoni.

Prosesa iwe ya mwisho. Core i7-6700 inakaa kwenye tundu lilelile la i5-6500 na inafanya kazi nane kwa pamoja badala ya nne.

JUA UNAPOISHIA

Mashine ya kizazi cha sita ina ukomo. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kwa Intel, Windows 11 inatambua rasmi kuanzia kizazi cha nane. FC 26 nayo inadai Secure Boot na TPM 2.0. Kama lengo lako ni toleo jipya la kila mwaka na mechi za mtandaoni, thibitisha kwanza kama mashine yako inayo hayo. Kama haina, usiendelee kuijazia hela. Weka akiba ya mashine ya mbele.

Hapo utaona kwa nini prosesa nimeiweka mwisho. SSD unaichomoa na kuhama nayo. Kadi pia, ilimradi inaingia kwenye kava jipya. RAM ya DDR4 nayo itapata kazi kwenye mashine nyingi za mbele. Hao ni wachezaji wenye thamani ya kuuzwa tena. i7 ya kizazi cha sita inabaki na mashine yake hadi kustaafu.

Ukifuata mpangilio huo, kompyuta yako itacheza. Ukipigwa nne bila baada ya hapo, usimtafute fundi. Badilisha mfumo.